Kabichi za Watatu

Harufu ya vumbi la Voi likimwagiwa maji hunikamata hadi leo. Si ile harufu ya mvua ambayo watu huisifu. Ni ya mchanga mwekundu uliochomwa na jua mchana kutwa, halafu mtu akaumwagia debe la maji, ukayanywa yote na bado ukabaki na kiu. Nikiisikia, hata kama ni mwenye duka tu ananyunyizia mlangoni pake kabla ya kufagia, moyo wangu unashuka. Narudi nyuma ya darasa letu, miaka ile ya hamsini, nimeinamia kabichi ambazo hazikutaka kuishi.

Baba alikuwa mtia makaa kwenye gari moshi. Reli ndiyo iliyotutoa magharibi, nchi ya mvua na ndizi, ikatutua Voi. Tukakaa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, sote chumba kimoja, na jiko la mama nje. Mimi Nekesa nilikuwa darasa la nne, na enzi hizo darasa la nne lilikuwa mlango mwembamba. Kulikuwa na mtihani, na wachache tu ndio waliopata nafasi ya kuingia la tano. Baba alikuwa ameshaniambia msimamo wake. Nikipata nafasi, ningesoma. Nikikosa, ningepandishwa gari moshi nirudi kwa nyanya, nikamtekee maji na kumchungia ng'ombe mpaka nipate mume. Hakusema kwa kunitisha, maana alikuwa mtu mpole. Alisema vile vile alivyokuwa akimwambia mama saa za treni.

Mwalimu wetu wa kilimo alikuwa mtu wa pwani, mnene, na kaptura yake ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Nadhani alizipenda kabichi kuliko alivyotupenda sisi. Mwaka huo alitugawa vikundi vya watatu watatu, kila kikundi kipande chake cha shamba, akatuambia kwamba alama zitakuwa za kikundi wala si za mtu, na zitajumlishwa na za mtihani. Kabichi zikistawi, mmestawi wote. Zikifa, mmekufa nazo.

Mimi nilipangwa na Mkamburi na Mwakio. Wote wawili walikuwa watoto wa milimani, kutoka Mwanda, wamekuja kukaa kwa jamaa zao Voi ili wasome. Mkamburi alikuwa rafiki yangu wa kugawana viazi vitamu wakati wa mapumziko. Mwakio alikuwa mkimya, lakini hesabu zilikuwa chakula chake. Nilifurahi kweli. Nilijiambia, kwa kikundi hiki la tano nimeshaliingia.

Siku ya kwanza ya kulima, hao wawili walisimama kando ya shamba, majembe begani, wanatazamana. Mimi sikuwaelewa. Kwetu mtoto akiona kazi haulizi, na akisimama tu ataambiwa mvivu mbele ya wageni. Basi nikaingia. Nikatia jembe, nikapiga tuta zima bila kupumzika, nikijua nikiinua kichwa nitawakuta ubavuni. Nilipoinua kichwa walikuwa palepale. Mkamburi akanitabasamia kwa heshima, kengele ikalia, tukarudi darasani.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Walikuja na majembe yao, wakakaa pembeni, wakanisalimu vizuri sana. Nilipanda miche. Nilichota maji kwenye bomba karibu na stesheni, debe kichwani, maji yakinichuruzika shingoni, nikawapita wamekaa. Katika vikundi vingine palikuwa na mtoto mmoja mwenye mdomo, anawapigia wenzake kelele waje, nao wanakuja, wanarushiana matope na kucheka. Kikundi chetu kilikuwa kimya. Loo, jinsi nilivyowachukia! Nilidhani wanakuja na majembe kunidhihaki. Lakini kuwaita, sikuwaita. Mtu ana macho yake mawili, anaambiwa nini tena?

Nilimlalamikia mama, akasema hao hawajalizoea jua la huku, niwavumilie. Nilimshtakia mwalimu, akasema kikundi ni chetu, tukamalizane wenyewe. Nikarudi kwenye debe langu. Usiku mikono ilikuwa ikiniwaka kwa malengelenge, lakini kabichi zilikuwa zimeanza kufunga, na nilizipenda kwa uchungu. Niliona kila jani kama ni langu.

Kisha homa ikaniangusha, wakati jua lilipokuwa kali zaidi na mkaguzi wa kutia alama mashamba yetu akiwa karibu kuja. Nilitetemeka chini ya blanketi la baba la kazini, linanuka makaa, na kila nilipopata fahamu niliziwaza kabichi. Nilisema moyoni kwamba sasa wataona haya, sasa watazimwagilia.

Mkamburi alikuja kunitazama. Alileta viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, akakaa ukingoni mwa kitanda akanishika mguu. Alikaa muda mrefu, akinitazama usoni. Mwishowe akauliza polepole, "Nekesa, na shamba lako?"

Hilo neno "lako" lilinichoma kuliko homa. Nikageukia ukutani. Alingoja, akaaga, akaenda zake.

Nilipopona nikakimbia hadi nyuma ya darasa. Kabichi zilikuwa zimelala chini, za manjano, zimenyauka, na ardhi imepasuka katikati ya matuta. Hapakuwa na hata alama ya unyayo wa mtu. Mkaguzi alipita, akatazama, hakuandika mengi. Matokeo yalipotoka, majina yetu watatu hayakuwemo. Baba aliyasikiliza, akanunua tiketi. Siku niliyoondoka Mkamburi alisimama stesheni, na mimi nikajifanya sikumwona. Nililia mpaka Athi River.

Nikachota maji kwa nyanya, nikaolewa, nikazaa. Mume wangu naye akawa mtu wa reli, na reli ikanirudisha Voi nikiwa mtu mzima. Siku moja sokoni mwanamke akanishika mkono, na kabla hajasema nikamjua. Mkamburi alinialika kwao Mwanda, akisema kuna kulima kwake Jumamosi.

Nilipanda mlima, nikafika asubuhi na mapema kwenye baridi. Majirani walikuwa wameshakusanyika, wake kwa waume, wamekaa kando ya shamba na majembe yao, wanapiga soga. Shamba halijaguswa. Nikamuuliza mama mmoja mbona hawaanzi. Akanitazama kwa mshangao, akasema mwenyewe hajatia jembe wala hajawaita. Punde Mkamburi akatoka nyumbani na sufuria ya uji, akaingia shambani, akapiga jembe la kwanza, akageuka akawaita. Wote wakainuka kwa pamoja, na kabla jua halijapanda kazi ilikuwa imekwisha.

Tulipobaki wawili nikamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa kwa kabichi zetu, na yeye akashangaa kwamba nilikuwa sijui. Anayetia jembe la kwanza ndiye mwenye shamba. Wengine wanangoja aite, na kuingia shamba la mtu bila kuitwa, tena akiwa mgonjwa, ni kama kumnyang'anya. Akaniambia mamaye mdogo, yule aliyekaa kwake Voi, alikuwa akimwandalia jembe kila asubuhi, akimwambia leo huenda rafiki yako akakuita.

"Tulikungoja," akasema. "Hata siku ile kitandani nilikuja ili unitume."

Nikamwambia kwamba mimi nami nilikuwa nikiwangoja wao. Watoto watatu tulikosa shule, na kila mmoja alikuwa akifanya kile alichofunzwa kwao kuwa ni adabu. Jambo hilo sikuwa nimeliona kwa miaka yote niliyowalaani.

Nikauliza Mwakio yuko wapi, maana nilitaka yeye pia alisikie. Mkamburi akatazama chini. Mwakio alikata mkonge kwenye mashamba ya huko bondeni tangu mwaka ule tulioshindwa, kifua kikamharibika, akafa kijana.

"Kila tukikutaja," akasema, "alikuwa akisema Nekesa alizitaka kabichi zake peke yake."

Nilikuwa na jibu, lakini aliyestahili kulisikia alikuwa ameshazikwa.