Wito Ambao Shemida Hakuupata

Kaka yangu Shemida tumemzika juzi hapa Yabeshi. Waliokuja kulia walimsifu kwa kwenda Beth-sheani kuuteremsha mwili wa mfalme Sauli ukutani. Ni kweli alikwenda. Lakini yapo ambayo hawakuyasema kwa sababu hawayajui. Bwana anayajua, kwa hiyo nitayasema.

Kaka alikuwa kijana wakati Nahashi Mwamoni alipotuzingira. Nahashi alikubali kutuacha hai kwa sharti moja: kila mwanamume ang'olewe jicho la kulia. Sauli alikuwa akitoka shambani na ng'ombe wake aliposikia. Akawakatakata ng'ombe hao, akavipeleka vipande Israeli yote: asiyetoka kwenda vitani, ng'ombe wake watafanywa hivi. Watu wakatoka, tukaokoka. Yeye akawa mfalme.

Toka siku hiyo wanawake kisimani walimtania kaka. "Shemida, hebu tukonyeze kwa jicho la mfalme!"

"Hilo nalitunza," alijibu. "Ninyi mnatoshwa na la kushoto."

Miaka ikapita, mfalme akaharibika. Aliliacha neno la Bwana. Wivu ukamwingia, akawa anamwinda mkwewe nyikani huku Wafilisti wakila ngano yetu.

"Mfalme wako kachanganyikiwa, bwana," jirani yetu Bekeri alimwambia.

"Kachanganyikiwa, ndiyo. Akiniita nitakwenda."

Akaitwa. Mjumbe alifika kaka akiwa malishoni, anakata kondoo manyoya. Mkewe alikwisha kufa, nami nilikuwa mjane, mimi na wanangu watatu tukila kwake.

"Shemida yuko wapi? Tunakusanyika Gilboa."

"Amevunjika mguu, baba. Hata kusimama hawezi."

"Pole yake, dada. Mfikishie salamu."

Sikumfikishia salamu wala habari.

Siku chache baadaye tukasikia mfalme na wanawe watatu wamekufa Gilboa, na miili yao imetundikwa Beth-sheani. Shemida alikaa chini kama aliyepigwa. "Mbona hakuniita? Alitusahau?" Akaondoka na wenzake, wakairudisha miili, wakaichoma, wakaizika mifupa. Mji mzima tukafunga siku saba.

Kwetu mfungo ukiisha, mwenye nyumba humegeana mkate na watu wake, na anayekula naye hana kinyongo naye tena. Shemida aliponyosha mkono kuuchukua mkate wangu wa shayiri, nikashindwa kuuachia.

"Kaka, mjumbe alikuja. Nilimwambia umevunjika mguu."

"Mimi?"

"Niliogopa. Nani angewalisha watoto?"

Aliurudisha mkono wake. "Basi mfalme alikufa akidhani nimemtupa." Akainuka, akaenda kula kwa Bekeri.

Aliishi miaka sita zaidi. Aliwalea wanangu, aliniamkia kila asubuhi, hakunitukana hata siku moja. Lakini mkate wangu hakuugusa. Alijiokea mwenyewe, akaunguza, wanawake wakacheka. "Shemida, huo mkate au kuni?" Naye alicheka nao.

Wiki iliyopita homa ilimlaza, Bekeri akaja kukaa naye. Nililoweka mkate katika maziwa, nikamsogezea mdomoni. Akaufumba.

"Mpe Bekeri ashike," alisema.

Bekeri akanitazama, akapokea bakuli. Kaka akala vipande viwili. Nilisimama mlangoni nikimshukuru Bwana kwamba amekula.