Maneno ya Koko Niliyoyameza

Rafiki yangu, mimi si mtu wa kukaa mahali. Nilihama Louisville nikaenda Columbus, nikahama Columbus nikaja Buffalo, na hata hapa nilipo kuna masanduku mawili sijayafungua mwaka wa tatu sasa. Mama husema kila kiti ninachokalia kina miiba. Basi mwezi uliopita nilikuwa naendesha gari kwenda Amherst, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha, na redioni wataalamu walikuwa wanabishana kwa nini watu wa nchi hii tajiri wanakufa mapema kuliko zamani. Mmoja akasema chakula, mwingine akasema dawa, mwingine bunduki, mwingine upweke. Nikazima redio kwa hasira. Mimi namjua mmoja aliyekufa mapema, na najua mambo ya mchana ule ambayo wao hawayajui. Wiki hiyohiyo niliomba ruhusa kazini nikashika njia ya Louisville, kwenda kumwambia binti wa marehemu sentensi niliyoimeza nikiwa na miaka tisa.

Njiani nililala Columbus kwa mama, kwenye ile apatimenti yake nyuma ya Morse Road, maduka ya Waafrika yakinuka samaki wakavu mpaka kituo cha basi. Nilipomwambia ninakoenda, aliweka kijiko chini. "Weye nawe! Ule mutu alishakufa, na koko wako alishakufa. Unaenda kuchokora nini tena?" Nilimaliza sombe yangu, yale majani ya muhogo aliyonipikia, na kabla hajaamka asubuhi nilikuwa nimeshaondoka.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba. Tulipofika Beechmont, mtaa wa Louisville, kutoka kambi ya wakimbizi tulikuwa watu sita katika vyumba viwili vya ghorofa ya juu. Ukitaka kujua utoto wangu ulinukaje, kaanga vitunguu kwa mawese na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuchambua maharagwe na kumwagilia mboga za lengalenga ambazo koko alizipanda nyuma ya nyumba bila kumwomba mtu ruhusa. Kazi yangu nyingine, ambayo hakuna aliyenipa ila ilinipata tu, ilikuwa kuwa mdomo wa nyumba nzima. Kiingereza kilikuwa kimeniingia kabla ya wengine. Barua, daktari, mwalimu, mwenye nyumba, wote walipitia kwangu, na mimi nilijisikia mkubwa kweli.

Chini yetu aliishi jirani, Mmarekani mweupe, mrefu, mwenye kicheko cha kukohoa. Alifanya kazi na baba katika ghala lilelile la kupanga mizigo, na kwa kuwa saa kumi alfajiri hapakuwa na basi, alimbeba baba kwenye gari lake kila siku. Hawakuelewana lugha hata kidogo. Baba alikuwa akirudi anatuambia, "Leo tumeongea sana," tunacheka mpaka basi. Mimi jirani alinifundisha kuendesha baiskeli. Alikula chakula chake ndani ya gari, mfuko magotini, injini inanguruma, na jambo hilo lilimkera koko kupita kiasi. "Mutu anakula peke yake sawa anajificha," alisema, kisha ananituma nimpelekee sahani ya maharagwe. Jirani aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyoona tunafanya sisi.

Koko alikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyeweza kumjibu. Alikaa dirishani akiangalia mtaa, halafu anasema, "Bon, wazee ya hapa wako wapi? Nyama iko, dawa iko, maziwa wanamwanga. Mbona wanaume wanakufa na meno yao yote?" Na kweli. Mwaka ule peke yake, nyumba ya kona ilitoa jeneza, na ile yenye uzio wa buluu ikatoa jingine, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mvi za kueleweka. Kule kwetu milimani vita viliua watu, kila mtu alijua. Hapa hapakuwa na vita, na hakuna aliyesema lolote. Jeneza linatoka, kesho yake majani ya uwanjani yanakatwa.

Kisha mgongo wa jirani ukaharibika kazini. Baba alituonyesha jinsi alivyoinama chini ya mzigo asiweze kunyooka. Hospitali walimpa vidonge vya maumivu kwenye chupa ndogo ya rangi ya chungwa, na kwa muda akawa mzima, hata akarudi ghalani. Baadaye kazi ikamwisha, vidonge vya hospitali vikamwisha, akaanza kupata vingine, sijui wapi. Sisi watoto tulichokiona ni kwamba alilala. Alilala barazani kwenye kiti chake cha plastiki mchana kutwa, kidevu kifuani. Na sisi tulifunzwa adabu, ee! Kule kwetu kumwamsha mtu mzima aliyechoka ilikuwa mbaya kuliko kumtukana. Koko alitupanga mstari mlangoni, tukapita mbele ya kiti kile kwa ncha za vidole, viatu mkononi.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, nimetoka shule, tairi la baiskeli halina upepo. Jirani alikuwa ameniahidi kulijaza. Nikamkuta amelala, anakoroma, lakini koromo lile lilikuwa refu na la majimaji, kama sufuria ya maharagwe inayochemka imefunikwa. Midomo yake haikuwa na rangi nzuri. Nilisimama pale nikiwa na hamu ya kumtikisa bega. Nikapanda ngazi nikamwambia koko, "Jirani analala vibaya." Koko akashuka na kitenge chake mkononi. Akamwangalia muda mrefu. Halafu akamfunika mabegani, taratibu, akaniambia, "Muache, mutu amechoka. Endeni mukacheze nyuma." Tukaenda. Nakumbuka tulicheza vizuri sana siku ile.

Baba alifika jioni, akamgusa mkono, akapiga yowe. Mimi ndiye niliyepiga simu. Mwanamke wa upande wa pili akaniuliza kama anapumua, nikasema hapana, akaniuliza tangu saa ngapi, nikasema sijui. Ambulensi ilikuja ikaondoka bila haraka. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Koko alishangaa kuliko wote. Alidhani labda ana zaidi ya sitini, kwa jinsi alivyochakaa.

Koko alikesha siku tatu akisubiri watu waje kwenye kilio. Alipika fufu, ugali wetu wa muhogo, ya kutosha wageni ishirini. Hakuja mtu. Siku ya nne akaja binti wa jirani kutoka mji mwingine, msichana wa miaka ishirini na miwili hivi, amekuja kufunga vitu kwenye maboksi. Koko akashuka na sahani, akakaa naye kwenye ngazi, akaniita. Akanishika mkono akasema, nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie siku ile tulimuona. Mwambie mimi nilisimama karibu yake, nikasikia vile anakoroma, nikadhani ni usingizi, nikamuacha. Mwambie aniache niombe samahani."

Nikafungua mdomo. Mbele ya macho yangu nikaona polisi, nikaona koko anapandishwa ndege ya kurudishwa kambini, nikaona sisi wote nyuma yake na mifuko yetu ya plastiki. Nikamwambia yule binti kwa Kiingereza, "Bibi yangu anasema pole. Anasema baba yako alikuwa mtu mzuri."

Binti akaangua kilio akamkumbatia koko. Koko naye akalia, akisema "Asante, mwanangu, asante," akampigapiga mgongoni kama mtoto mchanga. Mimi nilisimama katikati yao nikiwa na sahani iliyopoa.

Koko alizeeka vizuri baada ya pale. Aliishi Columbus hadi zaidi ya miaka themanini, na mara nyingi alinikumbusha, "Ule binti alinisamehe. Kwa hiyo tu, donc, mi nalala." Alilala kweli. Mwaka jana alikufa katikati ya watu wanaoimba, wajukuu wameshika miguu yake, na uso wake haukuwa na wasiwasi hata kidogo. Mimi ndiye nisiyelala. Kazini wenzangu wananicheka: mzee akisinzia tu, nimefika, namtikisa bega, "Mzee, mzee, niangalie!" Wazee wengine hunitukana.

Nilimpata binti mtandaoni. Alikuwa amerudi Louisville, anaishi mitaa michache tu kutoka nyumba yetu ya zamani, na yeye pia anafanya kazi ghalani. Tulikaa kwenye ngazi zake. Nilimwambia yote, tangu koromo hadi kitenge, na maneno ya koko neno kwa neno, safari hii bila kupunguza. Alinisikiliza akiikuna lebo ya chupa ya maji mpaka ikatoka yote.

"Mngemwamsha," akasema, "angepona?"

Kwa kazi yangu nimefundishwa koromo lile maana yake nini: mtu amezidiwa na dawa, pumzi inakatika. Ningeweza kumwambia sijui. "Tungepiga simu wakati ule," nikasema, "nadhani angepona."

Alitikisa kichwa polepole. "Miaka kumi na nane najiambia alikufa kwa sababu hapakuwa na mtu. Mimi sikuwa karibu, nikajilaumu mimi." Kisha akasema, "Kumbe watu walikuwepo." Hakusema kwa ukali. Akasimama, akaingia ndani. Nikadhani amekwenda kuchukua kitu, nikangoja. Watoto wa mtaa ule walipita na baiskeli zao, wakarudi, wakapita tena. Ndipo nikasikia ufunguo ukizungushwa nyuma yangu.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote. Koko wangu aliondoka duniani na msamaha ambao hakuna aliyempa. Alikuwa nao miaka yote ile, akaulalia, akafa nao, na jioni ile mimi nilikwenda nikamnyang'anya, na hayupo tena wa kumwambia samahani.