Kocha Colin Kwenye Matope

Wiki iliyopita, ndani ya metro, treni ya mji huu wa Kiarabu nilikokulia, mzee mmoja aliketi karibu nami akinuka dawa ya kuchua misuli, ile kali inayowasha macho. Sikumjua, lakini harufu yake ilinirudishia mtu niliyekuwa na deni lake la radhi tangu utotoni. Nilipitiliza kituo changu cha Karama nikiwa nimekaa palepale.

Mtu huyo tulimwita Kocha Colin. Alikuwa Mwingereza, mwalimu wa michezo katika shule moja, na kila Ijumaa alasiri alitufundisha mpira bure kwenye kiwanja cha Al Twar: sisi Wakenya, Waganda wachache, Wahindi, na ndugu wawili Wafilipino wasiojua kuchoka. Kwa miaka mingi alikuwa kiungo katika ligi za chini kwao Uingereza, zile ambazo hakuna mkahawa wa Karama uliowahi kuwasha televisheni kwa ajili yake. Magoti yake yalilia akichuchumaa, na kabla ya mazoezi aliyapaka dawa mpaka kiwanja kizima kikanuka. Somo lake lilikuwa moja tu, nalo alilirudia mpaka likatuchosha: angalia nyuma ya bega kabla hujapokea mpira, na usiondoke katikati kabla hujaona nani atakuzibia.

Sisi tulitaka magoli. Siku moja nusu nzima ya timu ilijazana kwetu, katika chumba kimoja cha fleti tuliyochangia na familia mbili nyingine, tukatafuta jina la kocha kwenye simu ya Mama. Tulipata video moja, haifiki hata dakika. Mvua inanyesha, uwanja ni tope tupu, mshambuliaji mwenye nywele za manjano anafunga goli na kukimbilia mashabiki. Kocha Colin anaonekana mwanzoni tu, akiteleza na kuanguka kwa makalio, basi, hayumo tena. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Mimi ndiye niliyempa jina la Bwana Matope, na Ijumaa iliyofuata nilimwona akigeuka tulipolitamka huku tukibana vicheko. Hakujua Kiswahili, lakini kicheko hakihitaji mkalimani.

Baba alikuwepo siku ile ya video, akipiga pasi suruali yake ya kazi. Alikuwa mlinzi wa jengo kule Al Muraqqabat. Alichungulia, akatuambia turudishe mwanzo, akatazama tena, kisha akaendelea na pasi yake bila kucheka. Nilidhani hakuelewa utani.

Sasa niwaambie kilichoniuma. Baba hakuwahi kuniona nikicheza, kwa sababu siku yake ya mapumziko haikuangukia Ijumaa hata mara moja. Kwa mechi yetu ya mwisho wa msimu alibadilishana zamu na mwenzake, akaahidi kufika kabla ya filimbi. Nilimwomba kocha anipange mbele ili nifunge goli Baba akitazama. Kocha akanipanga katikati, kama kawaida. Nilinuna kama mtoto aliyenyimwa mandazi.

Filimbi ikapulizwa, Baba hayupo. Kombe lilikuwa letu hata kwa sare, na hadi dakika za mwisho hakuna aliyefunga. Ndipo nikamwona Baba kwenye uzio, amevaa sare yake, kofia mkononi. Mpira ukanijia wakati huohuo. Sikuangalia bega wala nini, nikaondoka nao mbio kuelekea goli lao. Watoto wawili wakaninyang'anya, wakapiga pasi tatu, zote zikipita pale nilipopaswa kusimama, na mpira ukawa wavuni kwetu. Kocha Colin alinishika kichwa kidogo, akaenda kuokota koni zake akichechemea.

Tukirudi nyumbani nilimtupia Baba lawama. Nilimwambia angefika mapema ningetulia.

"Reliever wangu, yule wa kunipokea zamu, alichelewa," alisema. "Na siwezi acha geti kabla mwenzangu hajafika, Naliaka, hata kama ni wewe unaningoja. Siku nimefanya kazi poa, hakuna kitu kimetokea. Hakuna mtu huja kunipigia makofi."

Nilichukulia kuwa ni visingizio vya mtu aliyechoka. Mama naye hakunionea huruma: mtaka yote hukosa yote, alisema, akanipakulia ugali. Mwaka uliofuata mkataba wa kocha ulikwisha, akarudi kwao, nami sikuwa nimemwomba radhi.

Basi siku hiyo ya metro, nilipofika nyumbani, niliitafuta ile video. Bado ipo. Safari hii sikulitazama goli. Nilitazama nyuma, nikaona beki wa timu ya kocha amepanda mbele na kuacha pengo, na mpinzani ana mpira akilikimbilia pengo hilo. Kutoka pembeni anatokea mtu mwembamba aliyekwisha kugeuza shingo kabla ya wote. Anateleza, anauchukua mpira kwa usafi kabisa, anausukuma kwa mwenzake, na mwenzake anampa yule wa nywele za manjano. Kamera inafuata goli. Colin anabaki kwenye matope, palepale nilipomchekea. Niliona aibu, aibu ya kweli, mtu mzima mimi.

Nilimpigia Baba, ambaye sasa anafuga kuku Kakamega, nikamweleza.

"Mimi niliona siku ileile," alisema. "Si ndio nikawaambia mrudishe."

"Na hukutuambia?"

"Mlikuwa mnafurahi."

Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyomwambia baada ya mechi. Nyuma yake nikawasikia kuku wake.

"Hiyo mechi," alisema. "Unajua nilikuwa nimefika kitambo. Nilisimama nyuma ya basi la shule karibu nusu saa, nikijua ukiniona utasahau mpira. Ulikuwa umeziba hapo katikati, hakuna kitu kinapita. Nikasema, huyo ni wangu. Raha ikanishinda, nikasogea kwa uzio. Kosa halikuwa lako, Naliaka. Mimi ndio niliacha lindo."

Miaka yote hiyo nilisikitika kwamba Baba hakuniona nikifunga goli. Kumbe alikuwa ameniona nusu saa nzima nikifanya kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote pale uwanjani, isipokuwa labda yule mzee wa magoti mabovu.