Hoteli Isiyo na Ngamia

Mama aliponipigia simu kusema anakuja Garissa kuniona, jambo la kwanza nililowaza ni nyama. Sisi hutunza Sabato, na kwa dini yetu ngamia ni najisi. Mama hakuwa amewahi kumwonja maishani mwake. Mimi ni mwalimu wa kutoka bara, ninaishi chumba kimoja kisicho na jiko la maana, kwa hiyo tungekula hotelini. Niliapa kwamba hatalishwa ngamia mimi nikiwapo.

Kila jioni nikawa napeleleza hoteli za mtaa wetu. Kwa Mhabeshi niliifunua injera, ule mkate wao mpana, kama askari wa kizuizi cha barabarani anavyopekua mizigo. Mchuzi ulikuwa mwekundu mno, chochote kingeweza kujificha humo. Pilau ya bwana mmoja wa Lamu ilinukia vizuri, lakini nani alimwona akinunua nyama? Kwa mama wa Kisomali niliwekewa wali, nyama, na ndizi mbivu juu yake. Ndizi ndiyo iliyonitia shaka zaidi. Mtu anaweka tunda juu ya nyama ili afunike nini?

"Mama, kweli hii si ngamia?"

"Habana, walimu. Hii mbuzi, wallahi. Ngamia nyama ya harusi, mimi naficha kwa nini? Ikiwako nitasema kwa nguvu!"

Alicheka, na wateja wakacheka. Nilitoka nimenuna, nikijiambia kwamba huyu, kwa kuapa haraka hivyo, ana lake.

Mama alipofika nilimpeleka moja kwa moja kwa mpishi wa kwetu, mtu wa kijiji jirani kule nyumbani. Njiani nilijisifu jinsi nilivyohoji hoteli zote. Mama alikula ugali na nyama, akasifu, akaongezewa.

"Huyu ng'ombe mmemlisha nini hata akawa laini hivi?" alimtania mpishi.

"Ng'ombe, mama? Kiangazi hiki ng'ombe ni mifupa mitupu. Huyo ni ngamia. Hapa sote tumeshazoea."

Mama aliliweka tonge mezani. Alikwenda kwenye dumu la maji, akanawa mikono, akasukutua, akanawa tena. Kwa aibu na hasira nilimkaripia mpishi mbele ya watu.

"Mwalimu, si ungeuliza tu?" alisema, ameshangaa kweli.

Mama alirudi, akakaa, akanitazama.

"Wale wengine wote uliwahoji," akasema. "Huyu ulimwacha kwa nini?"