Mkono na Sauti ya Bi Somoe

Siku ya kwanza kuripoti kazini Lindi, Muuguzi Mfawidhi, mama mmoja asiyecheka, alinikabidhi beseni na kitambaa. "Hapa hatuanzi na sindano," akasema. "Osha wagonjwa kwanza, uwajue." Niliosha wagonjwa mwezi mzima. Baadaye nikapelekwa Liwale, nikarudishwa Lindi, nikahamishiwa Kilwa Kivinje. Huko ndiko utafiti ulikonikuta, nimebakiza miaka michache kustaafu na miguu imeshachoka.

Ulikuwa utafiti wa upasuaji kwa wenye ugonjwa wa Parkinson na mitetemo mingine iliyovishinda vidonge. Daktari Bingwa aliyetoka Dar es Salaam alitueleza: ndani ya ubongo kuna kijisehemu kinachoupelekea mkono amri mbovu. Hutobolewa tundu dogo kwenye fuvu, hupitishwa sindano ndefu, kijisehemu kile kikachomwa kwa joto. Mgonjwa hupigwa ganzi ya ngozi tu na huwa macho, ili aongee na kunyoosha mkono wakati sindano inatafuta mahali pake. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta watu hao, kuwachoresha mzunguko kama wa kombe la konokono ili tupime mtetemo, na kuwasomea fomu ya ridhaa.

"Isome yote," Daktari Bingwa alisisitiza. "Asiyeijua hatari hajaridhia, ameburutwa."

Bi Somoe alikuwa msuka mikeka hapo Kivinje, na kwenye maulidi yeye ndiye aliyeanzisha kasida, kina mama wakaitikia. Mkono wake wa kulia ulitetemeka hadi kusuka ukili wa mikeka kukamshinda. Majirani walisema ni pepo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuitazama ngoma ya mkono wangu?"

Kiswahili cha fomu kilikuwa kigumu, nikamfafanulia kwa Kimachinga, lugha ya nyumbani kwetu sote wawili. Nikafika penye maneno haya: mgonjwa anaweza kupata tatizo la kudumu la sauti na usemi. Nilimtazama. Nilitaka apone. Nilitaka pia, niseme kweli, nisirudi mikono mitupu, maana wawili walishakataa wiki ile. Nikamwambia, "Ulimi utakuwa mzito siku chache." Akaweka dole gumba.

Nilikwenda naye Dar, kwa sababu akiogopa Kiswahili kilimtoka kabisa. Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi. Kichwa chake kilikazwa kwenye fremu ya chuma, nami nilikaa karibu na sikio lake.

"Mwambie anyooshe mkono," Daktari Bingwa akasema.

Akaunyoosha. Ulitetemeka, mtetemo ukapungua, kisha mkono ukasimama kimya. Bi Somoe alisema kitu, machozi yakamtoka.

"Anasemaje?"

"Anasema umetulia."

Kweli ulitulia. Lakini maneno yale yalitoka mazito, na niliyasikia. Nikajiambia ni uchovu.

Miezi ikapita, mkono ukasuka, sauti haikurudi. Ilibaki ya chini na yenye kukwama, na kasida ikachukuliwa na mwingine. Kwenye ripoti niliandika: uchovu wa ulimi. Daktari Bingwa alipokuja akamsikiliza, kisha akaniita pembeni.

"Ulimsomea kuhusu usemi?"

"Nilimsomea."

"Kwa maneno gani?"

Nikamwambia. Hakufoka. Alikata nilichoandika, akaandika "tatizo la kudumu la usemi," akanirudishia karatasi. "Sasa nenda ukamweleze mwenyewe."

Nilimkuta barazani anasuka. Nikasema yote. Hakunyanyua macho mpaka nilipomaliza, na ilinibidi niiname nimsikie.

"Pengine ningekubali vilevile, mwanangu," akasema. "Lakini sasa sitajua. Wala wewe hutajua."

Akaendelea kusuka.

Nilifanya kazi hadi nikastaafu, na watu waliendelea kunishukuru kwa ajili ya mkono wa Bi Somoe. Shukrani zile zilinichosha kuliko safari zote za Liwale.

Mwaka jana tabibu mmoja, binti mwenye adabu, alinifuata nyumbani. Kuna utafiti mwingine wa mitetemo, wanahitaji mwenyeji wa kuzunguka nao vijijini.

"Twende wote, mzee. Watu wanakuamini."

"Ndiyo maana siendi."

Alidhani nimechoka, na kweli nimechoka. Nikamvutia kiti, nikamwomba aitoe fomu yake anisomee kwa sauti, polepole, asiruke neno.