Udi Ndani ya Tundu la Chiriku

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyowachukua chiriku wawili wa babu yangu kutoka Kaole kwenda Dar es Salaam. Weka tundu lako chini kwanza, unisikilize. Najua una haraka na gari linakungoja, lakini hawa chiriku ninaokupa leo hawatoki humu ndani kabla sijasema ninalotaka kusema.

Babu yangu, Mzee Shomari, alikuwa kipofu. Macho yalimpotea akiwa mtu mzima, na bibi alipofariki alibaki na mimi na chiriku wake, jike na dume, aliowatundika dirishani karibu na kitanda. Dume ndiye aliyekuwa saa yake. Akianza kuimba, babu alijua kumekucha, akanyoosha mkono kutafuta fimbo. Shangazi yangu Tatu, aliyeolewa Dar es Salaam, alitaka kumchukua akamtunze, na mara mbili babu alikataa. Mara ya tatu alikubali kwa sharti moja, kwamba chiriku wake wafike naye wakiwa wazima. Mimi ndiye niliyekabidhiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na najiona hakuna nisilolijua. Kwetu, nguo za kutokea hufukizwa, chumba cha bibi harusi hufukizwa, mgeni wa heshima hufukiziwa. Nikasema chiriku wa babu hawataingia kwa shangazi wananuka kinyesi. Asubuhi ile nikawasha chetezo, nikatia udi, nikafukiza doti nzima ya kanga mpya. Kisha nikakisogeza chetezo chini ya tundu, kidogo tu, na wao wapate. Nikalizungushia tundu zile kanga, nikakaza fundo ili harufu isipotee na vumbi la njiani lisiingie. Usinicheke, nililitazama nikaona nimefanya la maana.

Lori tulilipandia Bagamoyo, nalo lilichelewa kuondoka mpaka jua likapanda. Babu aliketi mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia ya mbata, zile nazi kavu, tundu mapajani, joto la chuma likinipanda miguuni. Kila lori lilipokwama mchangani, babu alitoa kichwa nje.

"Mwanahawa, wazima?"

"Wazima, babu."

Sikuwa nimetazama hata mara moja.

Tulipofika Bunju dereva alisimama injini ipoe. Ndipo nilipogundua kwamba tundu lilikuwa kimya tangu zamani. Nikalegeza fundo nikachungulia. Jike alikuwa amelala chali, vidole vimekunjamana. Dume alikuwa hai bado. Alijikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, mdomo wazi, na kila alipohema mkia wake ulipanda na kushuka. Harufu ya udi ilinipiga usoni hata mimi nikakohoa.

Pale palikuwa na kivuli, mwanangu, na upepo, na mama mmoja mwenye mtungi wa maji. Ningezitupa zile kanga nikashuka naye, pengine angepona. Lakini abiria wenzangu walikuwa wananitazama, na babu alikwisha toa kichwa.

"Wazima?"

"Wazima, babu. Wamelala."

Nikalifunga tena lile fundo. Nililifunga kwa mikono hii unayoiona, na nilikuwa najua.

Nyumbani kwa shangazi babu hakutaka hata maji. Aliomba apakatishwe tundu. Akazifungua kanga, akaingiza mkono polepole, akampapasa mmoja, kisha mwingine. Akainusa ile kanga. Shangazi alinitazama, nami nilitamani ardhi inimeze.

"Udi wa nini huu?"

"Nilitaka wafike wananukia, babu."

"Uliponiambia wamelala, walikuwa wamekufa wote?"

"Jike tu. Dume alikuwa bado."

Aliurudisha mlango wa tundu kwa kidole. Kisha akasema, "La jike hukujua, mjukuu wangu. La dume ulijua."

Hakunipiga wala hakulitaja tena. Tundu tupu alitaka litundikwe dirishani, na kila alfajiri aliuliza, "Kumekucha?" Mimi nilikuwa najibu. Nilijibu hivyo miezi minane, mpaka alfajiri ambayo hakuuliza. Walipomwosha nikaambiwa nishike chetezo cha kumfukizia. Nilishindwa, alikishika shangazi. Ndiyo maana umekua humu ndani hujawahi kunusa udi, na wifi zangu wakaniona mkaidi bure.

Basi sikiliza. Chiriku ana kifua kidogo mno, hastahimili moshi wa udi, wala wa jikoni, wala wa lori. Msafirishe asubuhi na mapema, katika tundu dogo asipate kujigongagonga, mmoja mmoja kama wana ugomvi. Funika juu na ubavu wa jua kwa kitambaa chepesi, upande mmoja uache wazi. Maji ya kikombe yatamwagika, mwekee kipande cha tango, na ulezi umwage chini auokote. Ukifika, usimtie na ndege wenyeji wa huko siku hiyo hiyo. Miguu ya meza ya tundu lake isimamishe katika vikopo vya maji, maana siafu hawabishi hodi. Na ukiona manyoya yamemsimama na anahema, shuka. Gari liende, watu wacheke, wewe shuka.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama wewe na hawa viumbe wake, akupe mkono mwepesi na ulimi usioogopa aibu. Njiani mtu atakuuliza kama ni wazima. Funua kwanza, mwanangu, ndipo umjibu.