Mkono wa Bibi wa Karanga

Kila nikisikia harufu ya dizeli na grisi ikichanganyika na mahindi ya kuchemsha, ninarudi stesheni ya Malampaka, nina miaka minane, mguuni nina kandambili za rangi mbili tofauti. Msinicheke. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba ilishafika kwetu Bariadi, lakini pea kamili ya kunitosha ilikuwa bado njiani.

Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika, baada ya wanunuzi binafsi wa pamba kuingia na malori yao. Mama akaamua kwenda Dar es Salaam kwa dada yake, akauze mchele. Mimi na shangazi tulimsindikiza. Nilikuwa na swali moja tu, atarudi lini, na nilikuwa nalitunza mpaka dakika ya mwisho ili ashindwe kulikwepa.

Treni iliyotakiwa kupita usiku ilifika siku ya pili yake saa nne asubuhi, na watu wakaisifu kwamba safari hii imejitahidi. Kwa hiyo nilikuwa na asubuhi nzima ya kuzurura. Niliona marobota ya pamba yamepangwa mpaka karibu na paa la ghala, kuku waliofungwa miguu, bibi mmoja aliyekuwa akiuza karanga, na mchuuzi wa mitumba akimjaribisha mzee mmoja koti la baridi kwenye jua lile kali. Kando ya reli kulikuwa na behewa bovu, mbuzi wamejilaza chini yake. Sikuwahi kuona watu wengi namna ile, wala sikuwahi kujisikia mpweke namna ile.

Maana kwetu mtoto wa kike hapiti mbele ya mtu mzima bila kumpigia goti. Basi nikawapigia goti wote. Nikisema "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi kwa Kisukuma, mtu ameshapita na gunia lake. Mwanaume mmoja alinikwaa, akauliza huyu mtoto ni wa nani, mbona amekaa njiani. Magoti yangu yalijaa vumbi na hakuna aliyeniitikia.

Treni ilipopiga honi, mama aliniinamia.

"Umemsalimia yule bibi wa karanga?"

"Bado."

"Nenda kamsalimie, mayu," alisema, akiniita mama kwa mapenzi. "Usiniaibishe."

Nikakimbia, nikapiga goti. Bibi akaitikia vizuri, akanishika mkono. "Ng'wana nani?" akauliza, yaani mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba. Akamtaka na babu. Akataka ukoo wa mama, akataka kujua kama ng'ombe ni wazima na kama mvua imenyesha Bariadi. Nyuma yangu watu walikuwa wanakimbia na milango inabamizwa. Kumpokonya mtu mzima mkono katikati ya salamu ni jambo ambalo sikuwa nimefundishwa. Aliponiachia, nilimkuta shangazi amesimama peke yake, na treni imeshafika mbali.

Nililia njia nzima, juu ya lori la mbegu za pamba. Niliamini kwamba adabu yangu ndiyo iliyoninyima mama. Nikaacha kusalimia, na majirani wakasema binti yule ameota mapembe. Mama aliporudi baada ya miaka miwili, nilimwamkia nikiwa wima, kama mtu aliyekuja kuazima jembe.

Ni juzijuzi tu, tukichagua mawe kwenye mchele, nilipomuuliza kuhusu siku ile. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Yule bibi nilimwomba mimi," alisema. "Nilimwambia akushike mpaka treni iondoke. Ungenililia, ningeshuka."

Kisha akaniambia kwamba alisimama dirishani muda wote ule, akinitazama mpaka treni ilipopinda. Miaka yote hiyo nilimlaumu moyoni kwamba aliondoka bila kuniaga. Kumbe aliniaga, tena kwa muda mrefu, ila mimi nilikuwa nimempa mgongo.